Build, erect au construct: lipi uandike kwenye ripoti ya saiti?

Swali: Nafanya kazi kwenye ofisi ya mkandarasi hapa Dar es Salaam. Saiti yetu iko Mbezi, na kila Ijumaa naandika ripoti ya Kiingereza inayokwenda kwa mshauri wa mradi. Wiki iliyopita niliandika sentensi tatu: "We have built the scaffolding yesterday. The drain has been erected by blocks. We are building the boundary wall since Monday." Mhandisi wetu akazipiga kalamu nyekundu zote tatu, na hakupata muda wa kunieleza. Wenzangu ofisini wanasema kosa ni kutumia "build", eti ni neno la mtaani, na kwamba mtaalamu huandika "construct" au "erect". Je, ni kweli? Na nitajuaje lipi linakaa wapi?

Jibu: Dada yangu, mhandisi alikuwa na haki ya kukata sentensi zote tatu, lakini wenzako wamekupa sababu isiyo sahihi. "Build" si neno la mtaani. Ndilo neno la msingi la Kiingereza kwa kazi ya kujenga, na mhandisi, wakili, mwandishi wa habari na mtoto wa darasa la kwanza wote hulitumia bila kuona haya. Ukilifuta kwenye ripoti na kuweka "construct" kila mahali, ripoti haiwi ya kitaalamu zaidi. Inakuwa ngumu kusoma tu.

Najua dhana hiyo imetoka wapi. "Build" limetoka kwenye Kiingereza cha kale, ambako mzizi wake ulihusu makazi ya mtu. "Construct" na "erect" yametoka Kilatini, na maneno ya Kilatini yaliingia Kiingereza kupitia kanisa, mahakama na vyuo. Kwa hiyo yamebaki na harufu ya ofisi. Lakini harufu ya ofisi haikuambii neno lina maana gani, na hapa maana zinatofautiana kweli.

Nianze na "erect", kwa sababu ndilo lililokuponza. Katika Kilatini neno hili lilihusu kuinua kitu kisimame wima, na maana hiyo haijaondoka hadi leo. Kiswahili kina neno linalokaribiana nalo sana: kusimika. Tunasimika nguzo, tunasimika mnara, wala hatusimiki barabara. Wataalamu wa mambo ya kale nao wanaye binadamu wa zamani waliyempa jina la Homo erectus, yaani aliyesimama wima. Fuvu moja la aina hiyo alilipata Louis Leakey pale Olduvai mwaka 1960. Ukilikumbuka jina hilo, hutaandika tena kwamba mtaro umekuwa "erected", maana mtaro hausimami. Mtaro umelala, tena chini ya usawa wa ardhi.

Mfano mzuri wa "erect" uko katikati ya jiji letu. Sanamu ya Askari, pale Barabara ya Samora inapokutana na Maktaba, iliwekwa mwaka 1927. Kabla yake palikuwa na sanamu ya Mjerumani Hermann von Wissmann, iliyowekwa mwaka 1911 na kuangushwa mwaka 1916 Waingereza walipoingia. Waandishi wa Kiingereza wakisimulia habari hizo huandika kwamba sanamu ya Askari "was erected in 1927". Sababu ni kwamba ile shaba haikufinyangwa pale barabarani. Ilitengenezwa Uingereza, ikaletwa, ikasimamishwa juu ya kitako chake. Hiyo ndiyo kazi halisi ya "erect": kitu, au vipande vyake, tayari vipo, na wewe unakuja kuvisimamisha. Ndiyo maana jukwaa la mafundi huwa "erected", iwe ni la mabomba ya chuma au la mirunda. Hema kubwa la harusi, mabango ya barabarani, minara ya simu, kreni ya mnara, fremu za chuma za maghala kule Barabara ya Nyerere, uzio wa mabati kuzunguka saiti, vyote hivyo vinakubali "erect" bila shida.

Kwa nyumba ya kawaida neno hilo linawezekana, ila linasikika kama limetoka kwenye hati. Sheria za majengo zilizorithi lugha ya Waingereza hupenda kusema mtu asithubutu "to erect a building" bila kibali, nawe ukinukuu kibali cha ujenzi, nukuu hivyo hivyo. Lakini ukimwandikia mshauri kwamba mmejenga vyumba viwili vya walinzi, andika "built".

"Construct" linaangalia jambo lingine. Kilatini chake kilikuwa na wazo la kukusanya vitu na kuvipanga pamoja, safu juu ya safu, na ndugu zake wamejaa kwenye Kiingereza: "structure", "instruct", hata "destroy", ambalo ni kubomoa kile kilichopangwa. Kinachotakiwa ni kwamba sehemu nyingi zimeunganishwa kwa mpango au kwa mchoro. Hakuna sharti la kusimama wima. Barabara, daraja, mtaro wa maji ya mvua, kalvati, tangi la chini ya ardhi, bwawa, vyote ni vya "construct". Daraja la Nyerere la Kigamboni, lenye urefu wa mita 680 na lililofunguliwa mwaka 2016, ni la aina hiyo: nguzo, nyaya na barabara ya juu vilivyofungamanishwa kwa hesabu. Ndani ya ujenzi huo huo, minara yake ikipandishwa mtu anaweza kusema "erected", kwa sababu hapo anatazama kile kinachosimama. Ndiyo maana maneno haya mawili huweza kukutana kwenye mradi mmoja, hata kwenye ukurasa mmoja, bila kugombana.

Wazo hilo la mpangilio ndilo linalompeleka "construct" hadi darasani. Mwanafunzi anaambiwa "construct a triangle", achore pembetatu kwa bikari na rula kwa kufuata vipimo. Mwandishi naye "constructs" sentensi au hoja.

Sasa "build". Hili ndilo pana kuliko yote, na ushauri wangu ni kwamba ndilo uanze nalo kila mara. Ukiona kitu kinasimikwa au ni kazi ya uhandisi inayosomeka vizuri zaidi kwa "construct", ndipo ubadilishe. Nyumba, ukuta, shule, barabara, daraja, reli, meli, vyote "are built". Kanisa la Mtakatifu Joseph pale mbele ya bandari lilijengwa na Wajerumani kati ya 1897 na 1902, na Mwingereza atasema "was built" bila kufikiri mara mbili. TAZARA, reli ya kilomita 1,860 kutoka hapa hadi Kapiri Mposhi, Zambia, ilijengwa kati ya 1970 na 1975, nayo pia "was built". Ndege naye "builds a nest", sawasawa na kiota chetu cha Kiswahili kinavyojengwa.

Kisha kuna vitu visivyoshikika. Hapa "build" na "jenga" wanakwenda pamoja kuliko mtu anavyodhani. Tunajenga hoja, nao "build a case". Tunajenga imani kwa mteja, nao "build trust". Tunajenga mwili, tunajenga taifa. Lakini usitafsiri kila jina neno kwa neno: Jeshi la Kujenga Taifa, lililoanzishwa mwaka 1963, kwa Kiingereza linaitwa "National Service", na hakuna "build" hata moja mle ndani. Na neno letu hili la kujenga, watoto wa nchi nyingi wanalitamka bila kujua kwamba ni Kiswahili. Ule mchezo wa kupanga vijiti vya mbao na kuvichomoa kimoja kimoja, Jenga, ulitolewa mwaka 1983 na Leslie Scott, Mwingereza aliyekulia Afrika Mashariki, na jina alilichukua moja kwa moja kwenye Kiswahili.

Mahali wanapoachana ni hapa. Kwa Kiingereza "build" linaweza kukaa peke yake, bila mtendwa, kitu chenyewe kinapokua au kuongezeka polepole. "Pressure is building" ni presha inapanda. "Traffic is building up on Morogoro Road" ni foleni inazidi kuwa ndefu. Sisi hatusemi foleni inajenga. Na kinyume chake: sisi tunasema "fulani amejenga" na kila mtu hapa mjini anaelewa kwamba ana nyumba yake, hapangi tena. Ukiandika "He has built" na kuweka nukta, Mwingereza atasubiri umalizie: amejenga nini? Lazima useme "He has built his own house". Mtu akimjengea mama yake, ni "He built his mother a house", au "built a house for his mother".

Hapo hapo kuna jambo la mwenye nyumba na fundi. Mtu anayesema "najenga Kigamboni" mara nyingi hajashika mwiko. Amewapa mafundi kazi. Kiingereza kinamruhusu aseme "I'm building a house in Kigamboni", na wengi husema hivyo. Lakini kwenye barua ambamo ni muhimu kujulikana nani alifanya kazi, sema "I am having a house built". Mkandarasi ndiye "is building". Tofauti hii ndogo imewahi kuleta mabishano makubwa juu ya nani awajibike kwa ukuta uliopasuka, kwa hiyo usiipuuze.

Nije kwenye kile ninachokiona kuwa kosa lako kubwa zaidi, nalo halihusu uteuzi wa kitenzi kabisa. Linahusu nyakati. Kiswahili kinakubali "tumesimamisha jukwaa jana". Kiambishi -me- kinatuambia kazi imekwisha na matokeo yake yapo, na kutaja siku iliyopita hakusumbui mtu. Kiingereza hakikubali. Ukitumia "have" pamoja na kitenzi, ni marufuku kutaja wakati uliokwisha kama "yesterday", "on Tuesday", au "last week". Una njia mbili tu. Ama utaje siku na kutumia wakati uliopita wa kawaida, "The scaffolding was erected on Thursday", ama usitaje siku na useme "The scaffolding has been erected". Ya kwanza inasema ilifanyika lini. Ya pili inasema hali ya saiti leo ikoje. Kwenye ripoti ya wiki unazihitaji zote mbili, ila si ndani ya sentensi moja.

Sentensi yako ya tatu ina ugonjwa wa pili wa aina hiyo. "Tunajenga ukuta tangu Jumatatu" ni Kiswahili safi. Kiingereza kinapoona "since", kinataka kitenzi kionyeshe kwamba kazi ilianza zamani na bado inaendelea: "We have been building the boundary wall since Monday." Ni refu, lakini hakuna mkato.

Naomba uchukulie jambo hili kwa uzito, kwa sababu kwenye ujenzi nyakati ni fedha. Mshauri anaposoma "The boundary wall has been built", anaelewa ukuta umekwisha, na akifika saiti akakuta umefika nusu, ataanza kutilia shaka hata zile sehemu ulizoandika sawasawa. Kama ukuta umefika mita 1.2 tu, sema hivyo: "The boundary wall has been built to a height of 1.2 metres." Kama kazi inaendelea, "is being built". Usiandike "was being built" kwa kazi inayoendelea leo. Msomaji ataelewa kwamba ilikuwa inajengwa, kisha ikasimama, naye atauliza kwa nini. Na usiandike "The wall is building", kosa ninaloliona sana, kwa sababu ukuta haujijengi.

Kingine kilichokatwa kwa wino mwekundu ni "by blocks". Kiswahili kina "kwa" na "na", na tunajua "umejengwa kwa tofali" si sawa na "umejengwa na fundi". Kiingereza nacho kinatenganisha: "by" ni ya mtenda kazi, "of" au "with" ni ya vifaa. "The wall was built of blocks by our own masons." Ukiandika "built by blocks", umesema tofali zenyewe zilishika mwiko. Kwa jiwe unaweza pia kusema "built in stone", na kwa kazi ya tofali wahandisi wanapenda "in blockwork".

Na hapo hapo kwenye tofali, tahadhari. Sisi tuna neno moja, tofali, kwa zile za saruji na zile za kuchoma. Kiingereza cha ujenzi kina mawili: "block" ni ile kubwa ya saruji tunayoijengea karibu nyumba zote za hapa Dar, "brick" ni ile ndogo ya udongo wa kuchoma, ambayo utaikuta zaidi mikoani. Ukiandika "2,000 bricks" ukimaanisha tofali za inchi sita, mkadiriaji wa gharama atapata picha tofauti kabisa ya ukubwa wa ukuta.

Umeniuliza pia kwa ujumla lipi linakaa wapi, na jibu la kweli ni kwamba kazi nyingi za saiti hazitaki hata moja kati ya haya matatu. Mafundi wetu hawasemi "kujenga" kwa kila kitu. Wanachimba msingi, wanasuka nondo, wanamwaga zege, wanapiga lipu, wanapaua. Kiingereza nacho kina kitenzi cha kila hatua, na ripoti nzuri hukitumia. Msingi huchimbwa kwa "excavate", ukimaanisha mtaro wake, kisha wenyewe unakuwa "laid". Tofali pia "are laid". Zege la jamvi, yaani sakafu, au la lenta, ile boriti ya juu ya milango na madirisha, "is cast", au "poured" ukitaka kusema kumwaga. Nondo "are fixed". Milango na madirisha "are fixed" au "installed". Lipu, "the walls were plastered". Kupaua hakuna neno moja linalolingana. Fremu ya mbao au ya chuma ya paa "is erected", kwa sababu inasimikwa, na mabati yanayofuata "are fixed". Kisima "is dug" kikiwa cha mkono, "drilled" kikiwa cha mashine. Boma likiwa limesimama bila paa, sema "the walls are complete up to roof level", na mwenye mradi ataelewa mlipofika.

Sentensi zako tatu, basi, ningeziandika hivi: "The scaffolding was erected on Thursday. The drain has been constructed in blockwork. We have been building the boundary wall since Monday, and it has reached a height of 1.2 metres." Kipimo hicho cha mwisho nimekitia kama mfano, weka chenu. Na kama mtaro haujakwisha, badilisha "has been constructed" kuwa "is being constructed". Unaona kwamba "build" limebaki mahali pake kwenye ukuta, na hakuna mshauri atakayelalamika.

Kuhusu nomino, kuna jambo moja ambalo pengine hakuna mtu atakayekuambia ofisini. "Erection" kwenye kazi za chuma ni neno la kawaida, na michoro ya viwanda hulitumia kila siku. Lakini nje ya hapo, maana yake ya kwanza kwa wasikilizaji wengi ni ile ya mwili wa mwanamume. Kwenye barua ya kawaida liepuke. Andika "installation" au tumia kitenzi chenyewe. Na ukilitumia mahali linapostahili, hakikisha herufi ya r haijageuka l, kwa sababu hapo utakuwa umeandika juu ya uchaguzi.

Matamshi ni rahisi, ila yanataka mazoezi ya sauti kwa siku chache. Ile u ya "build" haisemwi. Soma kama "bild". "Built" inaishia na t kavu, na ndiyo inayoonyesha wakati uliopita, kwa hiyo kwenye mkutano wa saiti usiimeze wala usiiongezee irabu ikawa "bilti". Hakuna "builded", na hakuna "builted". "Erected" ina silabi tatu, "i-rek-tid", na uzito uko katikati. "Construct" kama kitenzi ina uzito mwishoni, "kon-STRAKT". Ukiuweka mwanzoni, unakuwa umetamka nomino, nayo ni dhana ya kinadharia ya wasomi ambayo haina kazi saitini Mbezi.